Kitarjumi, Wala si Kikusanyaji

Kimenifikia hivi karibuni kijitabu cha mafunzo kilichotungwa kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza kuandika programu, na ndani yake, katika ukurasa wa istilahi, chombo kile kinachoigeuza matini ya C au ya Rust kuwa amri zinazofahamika na mashine, ambacho wengi wetu kazini hukiita kompaila, kimepewa jina la kikusanyaji. Nililisoma jina hilo kwa mshangao, kisha kwa huzuni, kwa sababu ni dhahiri kwamba waliolitia muhuri walifungua kamusi ya Kiingereza, wakaona kitenzi chenye maana ya kukusanya, wakaandika kukusanya, wakafunga kikao. Nami niliwahi kupeleka pendekezo langu kwa maandishi, pamoja na hoja zake, kabla ya kijitabu hicho kuchapishwa. Jibu halikuja, wala dalili ya kwamba pendekezo hilo lilisomwa haikuonekana.

Watetezi wa kikusanyaji wanayo hoja moja yenye nguvu, na insafu yanitaka niitaje kwanza. Mwaka 1952 bibi Grace Hopper, akifanya kazi katika mashine ya UNIVAC, alitengeneza mfumo ulioitwa A-0. Mtunga programu aliandika mfululizo wa alama, kila alama ikielekeza kwenye kipande cha programu kilichokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa katika utepe. Na A-0 ilivitafuta vipande hivyo, ikavipanga, ikavirekebisha anwani zake, ikavishona vikawa programu moja. Huko kulikuwa ni kukusanya kwa haki, na jina la kompaila alilolichagua Hopper lilistahiki kazi hiyo. Walakini ilipofika mwaka 1957, IBM ilipowapa wateja wa mashine yake ya 704 lugha ya FORTRAN, iliyoundwa na John Backus na wenzake, kazi ilikuwa imekwisha kubadilika: mwanahesabu aliandika kanuni yake karibu na vile anavyoiandika karatasini, na chombo kikaisoma, kikaichambua, kikatoa amri za mashine zenye maana ile ile. Hao waliokitengeneza walijua wanachokifanya, kwa maana jina lenyewe la FORTRAN ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutarjumi kanuni. Basi ushahidi wa tarjuma umeandikwa katika paji la uso la lugha hiyo tangu siku ya kuzaliwa kwake, na ajabu ni kwamba waliotafuta jina la Kiswahili hawakuuona.

Fauka ya hayo, aliyeamua kufuata kamusi angalifuata mpaka mwisho. Kitenzi cha Kiingereza kimetoka katika Kilatini, compilare, na maana yake ya zamani si kukusanya kwa wema, bali ni kupora na kunyang'anya. Askofu Isidore wa Seville, aliyefariki mwaka 636, ameeleza katika kitabu chake cha asili za maneno kwamba compilator ni mtu achanganyaye maneno ya wengine na yake mwenyewe, na kwamba mshairi Virgil aliwahi kuitwa hivyo kwa sababu alitwaa beti za Homer na kuzitia katika tungo zake. Lau asili ya neno la kigeni ndiyo hakimu wetu, chombo hiki tungekiita kiporaji. Na maadamu hakuna mwenye akili atakayekubali jina hilo, asili hiyo haiwezi kuwa hakimu, na anayeishika nusu na kuiacha nusu hana hoja ya kusimama juu yake.

Na sasa tuitazame ila ya kikusanyaji mahali pa kazi. Mwanafunzi ameandika faili ya salamu.c, akatoa amri ya gcc -c salamu.c. Akiwa amesahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari, atakaripiwa hapo hapo, kwa sababu chombo kimeisoma sentensi yake na kuiona haifuati nahau ya C, nacho kitamtajia faili na mstari penye kosa. Akisahihisha, itapatikana faili ya salamu.o, ambayo ni tarjuma iliyokamilika lakini bado haiwezi kwenda. Hatua inayofuata ni ya chombo kingine, kiunganishi, ambacho kazi yake ni kukusanya vipande vilivyokwisha kutarjumiwa, pamoja na vile vya maktaba, na kuvifanya programu moja. Na ikiwa mwanafunzi ameiita kazi ya kipeuo cha pili bila ya kuandika -lm ili maktaba ya hisabati ihusishwe, kiunganishi ndicho kitakacholalamika kwamba jina hilo hakikulipata popote. Makosa haya mawili yana sababu mbalimbali na dawa mbalimbali. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba cha kwanza ndicho kikusanyaji atakwenda kuitafuta nukta-mkato mahali ambapo kilichokosekana ni maktaba, na atapoteza jioni yake kwa kosa la waliompa jina, si kwa kosa lake. Mwalimu wa Java naye ana taabu zaidi, kwani lugha yake ina utaratibu wa kuzoa sehemu za kumbukumbu zisizotumika tena, uliobuniwa na John McCarthy kwa ajili ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950, na utaratibu huo ulimwenguni kote hutajwa kwa neno la kukusanya taka.

Neno ninalolitetea ni kitarjumi. Asili yake ni kongwe: Waakadi wa Mesopotamia walikuwa na targumannu, mtu asimamaye baina ya wasemao lugha mbili, Waaramu wakawa na targumu, na hata leo tarjuma za Kiaramu za maandiko ya Kiyahudi huitwa kwa jina hilo, Waarabu wakasema tarjama na turjumani, na Wataliana wakalipeleka Ulaya kwa sura ya dragomanno, jina la wakalimani waliohudumu baina ya mabalozi na dola ya Waturuki. Sisi wa pwani tulilipokea pamoja na elimu na nyaraka, tukalivika viambishi vyetu, tukapata tarjumi, tarjuma na mtarjumi, nayo ni mali yetu halali. Mtu mmoja mwenye cheo katika mambo haya aliniambia kwamba hilo ni neno la vyuoni, limechakaa. Neno halichakai kwa umri wake. Huchakaa kwa kuachwa na wale waliokabidhiwa kulitunza.

Yupo atakayesema kwamba turjumani wa kale alitarjumi kwa ulimi, sentensi kwa sentensi, ilhali kitarjumi husoma faili nzima ndipo kitoe tarjuma yake. Ni kweli, lakini neno hukaa pale wenye lugha walipolikalisha. Katika Kiswahili kazi ya ulimi ameichukua mkalimani, na tarjuma imebaki na kitabu. Kwa hiyo tumepata bila ya taabu tofauti ambayo fani inaihitaji sana: kitarjumi kwa chombo ambacho kwa kawaida huikamilisha kazi kabla programu haijaanza kwenda, na kikalimani kwa kile kinachosoma na kutekeleza palepale. Na wale wapendekezao kitafsiri ninawajibu kwamba tafsiri, ingawa imeenea, inabeba pia maana ya kufafanua, kama tusemavyo tafsiri ya ndoto na tafsiri ya sheria, na chombo hiki hakifafanui lolote. Huhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Watunga programu wa Kiarabu wenyewe hutumia mutarjim kwa cha kwanza na mufassir kwa cha pili, na ingekuwa aibu sisi tuliorithi maneno yote mawili kuyachanganya.

Matumizi yake ni mepesi: programu hutarjumiwa, hutokea kosa la tarjuma, na Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024 ikiwa na kitarjumi cha majaribio kinachofanya kazi wakati programu inakwenda, inazungumzika kwa tarjuma ya papo hapo bila ya mtu kuhangaika.

Wanaokaa katika vikao vya istilahi wana amana kubwa, na amana hiyo haitimizwi kwa kupitisha orodha ya maneno mia kabla ya chakula cha mchana pasipo hata mjumbe mmoja aliyewahi kuandika programu na kuiona ikikataa kwenda. Waiteni wenye fani, muwasikilize, ndipo mpige muhuri. Hadi hapo nitaendelea kuandika kitarjumi, katika mafunzo ninayoyatoa na katika maelezo ya programu ninazozitunga. Na mwenye hoja ya kulikataa neno hili ailete kwa maandishi, pamoja na mfano wa programu iliyo hai, nami nitamjibu.