Linux ilianza kuokoa kumbukumbu mwaka 2009, hesabu ya kila mchakato ikaja 2022

Zaidi ya miaka 15 imepita tangu toleo la 2.6.32 la kerneli ya Linux litoke, Desemba 2009, likiwa na kipengele kiitwacho KSM. Kipengele hicho hupita kwenye sehemu za kumbukumbu ambazo michakato imeziandikisha, kikitafuta kurasa zinazofanana baiti kwa baiti. Kikizipata, hubakiza mmoja na kuziachilia nyingine, na michakato yote iliyokuwa na nakala huelekezwa kwenye huo mmoja. Mchakato ukitaka kuandika juu yake, hupewa nakala yake papo hapo. Wanaosimulia historia ya KSM husifu werevu wake, na wana haki. Kisichosimuliwa ni kwamba kwa zaidi ya miaka 12 kerneli iliokoa kumbukumbu bila kumwambia msimamizi wa seva ni mchakato upi ulionufaika na upi uliotia hasara.

Wazo lenyewe halikuzaliwa ndani ya Linux. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa tayari wanashirikisha kurasa kati ya mashine pepe katika mradi wa Disco. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware alieleza jinsi ESX, programu ya mashine pepe ya kampuni hiyo, inavyozitambua kurasa pacha kwa kuangalia yaliyomo, na miaka miwili baadaye VMware ikapata hataza ya Marekani namba 6,789,156.

Hataza hiyo ndiyo iliyozua kasheshe. Izik Eidus alikuwa mhandisi wa Qumranet, kampuni ya Israeli iliyoanzisha KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux; kampuni hiyo ilinunuliwa na Red Hat Septemba 2008 kwa dola milioni 107. Miezi miwili tu baadaye Eidus alileta msimbo wa KSM mbele ya wasanidi wa kerneli. Hitaji lilikuwa wazi: seva inayobeba mashine pepe nyingi zenye mfumo endeshi uleule inajaza kumbukumbu kwa vitu vilevile. Lakini msimbo ule ulikokotoa alama fupi ya kila ukurasa, ukaipanga alama hiyo kwenye jedwali, kisha ukalitumia jedwali kutafuta pacha. Haukupita muda kabla ya kuelezwa kwamba hiyo ndiyo njia hasa iliyoandikwa katika hataza ya VMware. Mradi wa programu huria hauna fungu la kulipia kesi za hataza, na hakuna aliyetaka kuupokea msimbo wenye mgogoro.

Eidus na wenzake, akiwemo Andrea Arcangeli, hawakukata tamaa wala hawakungoja mwanasheria awaokoe. Mwaka 2009 walirudi na muundo mwingine kabisa. Jedwali la alama liliondoka, ikaingia miti miwili ya utafutaji inayolinganisha yaliyomo kwenye kurasa moja kwa moja. Mti wa kwanza, ulio thabiti, hushika kurasa zilizokwisha kuunganishwa na kufungwa zisiandikwe. Mti wa pili hushika kurasa zinazosubiri pacha, na kwa kuwa wenye kurasa hizo bado wanaruhusiwa kuandika, mpangilio wake unaweza kuharibika wakati wowote. Dawa yake ni ya kijasiri: kila mzunguko wa ukaguzi ukiisha, mti huo hutupwa wote na kujengwa upya. Alama ya ukurasa ilibaki na kazi moja tu, kuonyesha kama ukurasa umebadilika tangu upitiwe mara ya mwisho. Hugh Dickins aliunyoosha msimbo. Kikwazo cha kisheria kilizaa usanifu ambao, kwa maoni yangu, ni mzuri kuliko ule uliokataliwa.

Mwaka huohuo, katika mkutano wa Linux huko Montreal, Arcangeli, Eidus na Chris Wright walitoa mfano unaonukuliwa hadi leo: mashine pepe 52 za Windows XP, kila moja ikiwa na gigabaiti 1, kwenye seva yenye gigabaiti 16.

Lakini takwimu zilizokuja na KSM zilikuwa za mashine nzima. Faili ya pages_shared ilihesabu kurasa zilizobakizwa, na pages_sharing ilihesabu nafasi nyingine zinazozitegemea, yaani kilichookolewa. Michakato mia moja ikijiandikisha, yote iliingizwa kwenye jumla moja. Na KSM haifanyi kazi bure. Kila ukurasa inaoufuatilia huwekewa rekodi ambayo, kwenye kompyuta ya biti 64, hula baiti 64, hata kama pacha hakupatikana. Chukua mchakato wenye rekodi 100,000 na kurasa 1,000 tu zilizounganishwa. Akiba ni baiti 4,096,000, gharama ni baiti 6,400,000. Mchakato huo unakula kumbukumbu huku ukihesabiwa kuwa mshiriki wa akiba, na jumla ya mashine nzima haitaufichua kamwe.

Pengo hilo lilianza kuzibwa Julai 2022, katika toleo la 5.19, Xu Xin wa ZTE alipoongeza faili ya ksm_merging_pages chini ya saraka ya kila mchakato ndani ya /proc. Toleo la 6.1 likaleta ksm_stat yenye idadi ya rekodi za mchakato, kwa jina la ksm_rmap_items. Katikati ya 2023, kwa kazi ya Stefan Roesch wa Meta, toleo la 6.4 liliruhusu mchakato mzima kuandikishwa kwa agizo moja, na ksm_stat ikaanza kuonyesha faida halisi kwa jina la ksm_process_profit. Faili hizi husomwa na mwenye mchakato na msimamizi mkuu tu. Hilo ni jambo jema, kwa sababu tangu 2011 watafiti wameonyesha kuwa kurasa za pamoja zinaweza kumvujishia jirani siri, na mwaka 2016 shambulio la Flip Feng Shui lilitumia KSM kuharibu funguo za umma za mashine pepe nyingine.

Kinachosikitisha ni kwamba hesabu ipo sasa na wengi hawaisomi. KSM huwashwa, jumla ya akiba huangaliwa mara moja, basi. Wewe unayesimamia seva, fungua ksm_stat ya kila mchakato mkubwa, gawanya ksm_rmap_items kwa ksm_merging_pages. Jibu likizidi 64 kwenye mashine ya biti 64, uondoe mchakato huo kwenye KSM.