Sabuni ya Ndoo Kalemela na Safari ya Mbegu ya Pamba

Kabla ya nguo hakukuwa na kufua. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, watu wengi wa Usukuma bado walivaa ngozi, na ngozi haipigwi sabuni; hukwanguliwa, hulainishwa kwa samli, basi. Kufua kulikuja kwa miguu, mabegani mwa wapagazi waliopanda kutoka Pwani na mitumba ya kaniki na merikani. Kaniki, kwa weusi wake, ilivumilia uchafu. Merikani haikuvumilia. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikafikishwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, na tope jeusi la mbuga za Simiyu lilipoishika halikukubali kutoka kwa maji matupu.

Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, kwenye ukanda wa Ghuba ya Speke. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Busega yote ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Mpelelezi Henry Morton Stanley alikatiza maji ya ghuba hii Machi 1875 na mashua yake, Lady Alice, akiusifia Mto Simiyu kupita kiasi kwa kuudhani chanzo cha mbali cha Nile. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifuata mwishoni mwa miaka ya 1880 na kujenga kituo Nassa, humo humo Busega. Mwaka 1909 wakakiacha mikononi mwa misheni nyingine, AIM (Africa Inland Mission). Popote misheni ilipotia mguu, ibada na darasa vilikuja pamoja na nguo nyeupe, na nguo nyeupe ni deni la kila wiki.

Deni hilo hulipwa kwa vitu viwili: mafuta na kitu kikali cha kuyavunja. Majivu yana potasi. Yatie maji, yachuje, utapata maji makali yanayoteleza kati ya vidole. Yachemshe na mafuta, utapata sabuni laini kama uji mzito. Ukitaka mche mgumu unaosimama, potasi haitoshi, unahitaji sodiamu, yaani magadi au kosti soda. Kwa watu wa Kigoma, wenye mawese, hesabu hii ilikuwa nyepesi. Msukuma alikuwa na ng'ombe na samli, na hakuna mama mwenye akili timamu aliyechemsha samli ili afulie shuka. Hoja yangu yote katika makala haya imo humo: sabuni ya nyumbani haijawahi kukwamishwa na ujuzi. Hukwama au hustawi kufuatana na nani ameshika mafuta.

Ulaya ilipitia mlango huohuo. Nicolas Leblanc alipata hataza ya kutengeneza soda kutokana na chumvi mwaka 1791. Mkemia Mfaransa Chevreul akaeleza mwaka 1823 mafuta yamejengwa kwa nini. Kufikia miaka ya 1880 William Lever alikuwa anauza vipande vya Sunlight vilivyofungwa kwa karatasi. Soda ikawa rahisi, mafuta yakawa haba. Lever akayafuata Kongo, ambako mwaka 1911 Wabelgiji walimpa maeneo makubwa ya michikichi, na chikichi zikachumwa kwa kazi ya shuruti ili London ifue. Mwaka huohuo kampuni ya magadi ilianzishwa Ziwa Magadi, Kenya. Wasukuma wenyewe walikuwa na njia yao ya zamani kuelekea ziwa la magadi: misafara ya kwenda Ziwa Eyasi, mashariki ya Wilaya ya Meatu, siku nyingi porini, kuleta chumvi. Walipita juu ya nusu ya sabuni bila sababu ya kuiokota.

Nusu ya pili ilipandwa na Wajerumani. Pamba ililetwa Usukuma mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza wakaikuza, na leo Simiyu ndiyo mkoa unaotajwa kwanza Tanzania kwa zao hilo. Watu husema pamba wakiwaza nyuzi. Mzani husema jambo jingine. Katika kilo 100 za pamba inayotoka shambani, nyuzi ni kama theluthi moja tu. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni mbegu, kilo 60 na kitu. Ikamue mbegu hiyo, utapata takriban kilo 10 za mafuta ghafi, meusi meusi, machungu, yenye gosipoli ambayo ni sumu na lazima iondolewe kabla ya mafuta kuingia jikoni. Sasa angalia inavyoondolewa: kiwandani hutiwa kosti soda. Soda hukamata asidi na uchafu, na chini ya pipa hutuama tope zito la kahawia. Tope hilo ni sabuni ambayo haijakamilika. Msafishaji wa mafuta ya pamba, atake asitake, ni mpika sabuni.

Ndiyo maana viwanda vya mafuta vya kanda ya ziwa vilitoa na miche ya kufulia. Lakini kabla ya kiwanda mbegu ilipita kwenye mizani, na wakulima walikuwa wamechoka na mizani ya wanunuzi wa Kihindi iliyopunja. Mwanaushirika Paul Bomani na wenzake wakawakusanya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, VFCU, uliokuja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Mwanza kilikuwepo kiwanda cha VOIL kilichokamua mbegu na kutengeneza sabuni. Kwa miaka kadhaa mzunguko ulionekana kukamilika: mbegu ya Magu na Bariadi iliondoka kwa lori na kurudi dukani ikiwa mche. Mama wa Kalemela aliyekuwa na shilingi hakuwa na haja ya kujua majivu hufanya nini. Ujuzi usiotumika hufifia, na huu ulififia ndani ya kizazi kimoja tu.

Hapa nipige kona kidogo, kwa sababu kuna kisa cha Vita Kuu ya Kwanza kinachofaa kusimuliwa mapema. Manowari za Waingereza zilipoifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, walilazimika kutengeneza kila kilichokuwa kinatoka ng'ambo: dawa, mishumaa, vitu vya mpira, na sabuni. Kwao Ujerumani nako mafuta yalikauka kwa kuzingirwa baharini, wakemia wakaanza kutafuta kisafishi kisichohitaji mafuta kabisa. Utafutaji huo ulizaa kisafishi kilichoitwa Fewa mwaka 1932, na baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani wakaja na unga wa Tide, 1946. Kila unga wa kufulia ulioko kwenye duka la Nyashimo au Lamadi, hapa Busega, ni mjukuu wa uhaba huo.

Uhaba wetu ulikuja kuanzia mwaka 1978. Vita ya Kagera, bei ya mafuta ya petroli, fedha za kigeni kwisha. Na vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimeshafutwa na serikali tangu 1976, kosa ambalo lilichukua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukubaliwa kuwa ni kosa. Vinu vilikosa vipuri, malori yalikosa matairi, na mbegu ikarundikana huku sabuni ikipimwa kwa kipande. Foleni zilijipanga kwenye maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofichuliwa kwenye stoo, zikiwa zimefichwa kama dhahabu. Mwenye shemeji duka la ushirika alikuwa na mashati meupe.

Wasiokuwa na shemeji walifulia majani ya mpapai. Yalipondwa, yakasuguliwa kwenye nguo, yakatoa povu dogo la kijani lenye harufu ya shamba. Vijana wa leo wakisikia hucheka. Wasicheke sana. Mpapai una papaini, kimeng'enya kinachokata protini, na madoa ya jasho, damu na maziwa ni protini. Mkemia Mjerumani Otto Röhm aliwasilisha wazo la kufulia kwa vimeng'enya vya kongosho mwaka 1913, na unga wa bei kubwa unaotangazwa leo kwamba unaondoa madoa sugu hutegemea vimeng'enya vya aina hiyo. Majani yalikuwa na kasoro moja kubwa: hayana nguvu juu ya mafuta na masizi, na shuka ilibaki na ukijani.

Kuanzia mwaka 1984 milango ya uagizaji ilifunguliwa kidogo kidogo, kisha zikaja enzi za Rais Mwinyi, za ruksa, na madukani bidhaa zikajaa. Foma, sabuni ya unga ya Tanga, ilikuwa na washindani kila upande. Pamba nayo iliachiwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Ungedhani sabuni ya nyumbani ingekufa kabisa. Badala yake ilirudi, safari hii si kwa sababu bidhaa haipo bali kwa sababu ipo na pesa hakuna. Mapato ya pamba huja kwa msimu mmoja. Nguo huchafuka miezi 12. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lilifanya utengenezaji wa sabuni kuwa moja ya masomo yake ya kawaida, na vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na maofisa maendeleo ya jamii wakalisambaza mpaka vijijini. Janga la korona la mwaka 2020, pamoja na ndoo za kunawia kila mlangoni, lilisukuma mambo zaidi.

Tuitazame hiyo ndoo ya lita 20 kwa karibu. Ndani yake inaingia lita moja ya asidi ya salfoniki, nzito na nyeusi kama asali ya miombo. Inafuata nusu kilo ya slesi, ute mweupe unaoongeza povu. Maji hutiwa polepole huku mti ukizunguka. Magadi, yaani soda ash, huyeyushwa pembeni na kumiminwa kidogo kidogo. Mchanganyiko huvimba na kuchemka bila moto kwa sababu hewa ya kaboni inatoka, na anayemimina kwa pupa huona mali yake ikifurika sakafuni. Chumvi huja mwisho, nayo ndiyo inayofanya maji yawe mazito. Ukizidisha, uzito uleule unaporomoka, sabuni inakuwa maji tena. Rangi, pafyumu, kulala usiku mmoja povu litulie, kesho yake chupa.

Wakufunzi wengi husisitiza ukoroge upande mmoja tu. Kemia haijali unakoroga kushoto au kulia. Ningependa sharti hilo lihamie kwenye magadi: lita hiyo moja ya salfoniki inatosheka na gramu 160 au 170 za soda ash, wakati fomula nyingi zinazopita mkono kwa mkono huagiza nusu kilo. Ziada yote hiyo inabaki ndani ya chupa, na inakwenda kwenye ngozi ya mfuaji. Mama akilalamika kwamba sabuni ya kikundi inambabua mikono, tatizo ni mizani, wala si "kemikali" kwa jumla.

Akiba inatoka wapi? Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za ndoo ile ni maji. Anayenunua chupa iliyotoka Dar es Salaam analipia usafiri wa maji mpaka kwenye ghuba ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Anayekorogea Kalemela anaagiza ile kilo moja na nusu tu yenye kazi, na maji anayo. Na maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayapotezi povu. Mwenzake wa Meatu anayetegemea kisima cha maji magumu hutumia sabuni nyingi zaidi kwa beseni lilelile, hasa ya mche, kwa sababu sehemu yake inageuka utando mweupe kabla haijagusa nguo. Jambo moja lisisahaulike: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Chota, fulia mbali.

Ila tusijidanganye kwamba huku ni kurudi kwenye ujuzi wa bibi. Salfoniki hutokana na mafuta ya petroli, na inaagizwa kutoka nje. Mama wa zamani mwenye majivu na mafuta alishika ncha zote mbili za kamba. Mama wa ndoo ameshika mti wa kukorogea. Dola ikipanda, ndoo yake inapanda. Bado anapata faida halali, ya maji, ya chupa na ya nauli, lakini akiambiwa na mtu kwamba amejitegemea, aulize kwanza pipa limetoka bandari gani.

Wapo wanaopika mche kwa kosti soda na mafuta halisi, na hao ndio nawaheshimu zaidi na kuwahofia zaidi. Kosti soda hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kosti soda. Maji hupanda joto yenyewe mpaka yanatoa moshi unaokata pumzi. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kosti soda huila aluminiamu huku ikitoa hewa ya haidrojeni inayowaka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chuma cha pua. Na usiweke maji ya kosti soda kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mtoto aliyeyameza huungua koo, koo likapona likiwa limeziba, na akaendelea kurudishwa hospitali kwa miaka ili apanuliwe njia ya kupitisha uji.

Kilo moja ya mafuta ya pamba inataka gramu 138 hivi za kosti soda. Mjuzi hupunguza kidogo ili mafuta yabaki na si ukali. Kwa hiyo zile kilo 10 zilizofichika ndani ya kilo 100 za pamba zingetoa, pamoja na maji yake, karibu miche 15 ya kilo moja. Mkulima anapomaliza kupima kwenye AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, anakabidhi sabuni hiyo yote bila kuiona. Na kwa bei za sasa yuko sahihi kuikabidhi, kwa sababu mafuta ya kula yana thamani kubwa kwenye kikaango kuliko kwenye beseni. Yanayobaki kwa mpika sabuni ni mafuta yasiyo na mteja: shahamu ya machinjioni, na yale ya wakaanga samaki na chipsi wa Lamadi yakishakuwa meusi, yakachujwa kwa kitambaa na kuoshwa kwa maji moto ya chumvi. Hayo yanahitaji kupimwa kwanza kwa kipande kidogo, maana mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hayali kosti soda sawasawa na mapya, na mche wake, hata ukitoka vizuri, ukae rafuni wiki 4 kabla ya kuuzwa.