Ganda la Sukari na Ugunduzi wa Kazi ya DNA

Elimu ya urithi wa bakteria ilikua kutokana na nimonia, yaani kichomi, ugonjwa ambao mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye nimokokasi. Bakteria huyu hujifunika ganda la polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari zilizoungana, ambalo humkinga asimezwe na seli nyeupe za damu, na akilikosa hupoteza makali yake. Mwaka 1923 Michael Heidelberger na Oswald Avery, wa Taasisi ya Rockefeller ya New York, walionyesha kwamba ganda hilo ni sukari wala si protini.

Mwaka 1928 Frederick Griffith, tabibu wa Wizara ya Afya ya Uingereza, aliwadunga panya bakteria hai wasio na ganda pamoja na bakteria wa aina nyingine, wenye ganda, waliokwisha kuuawa kwa joto. Panya walikufa, na katika damu yao walikutwa bakteria hai waliovaa ganda la wale wafu, na vizazi vyao vikaendelea kulitengeneza. Ni dhahiri kwamba kilichohama hakikuwa ganda lenyewe, kwani ganda lililoazimwa lingekwisha baada ya vizazi vichache. Yalihama maelekezo ya kulitengeneza.

Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty waliyasaka maelekezo hayo kwa subira ya miaka, wakiondoa protini na sukari katika maji yaliyokamuliwa kwa bakteria wafu, tena wakitumia kimeng'enya cha bakteria wa udongo kinachovunja ganda lenyewe, na bado nguvu ya kubadilisha ilibaki. Ilitoweka tu DNA ilipoharibiwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1944, yalitiliwa shaka na wengi, na Avery alifariki mwaka 1955 bila kupewa Tuzo ya Nobel, jambo ambalo ni dhuluma katika historia ya sayansi.

Baadaye ilibainika kwamba jeni za ganda hukaa pamoja katika sehemu moja ya kromosomu. Aina ya tatu ya nimokokasi huhitaji hasa vimeng'enya viwili, kimoja cha kugeuza glukosi kuwa asidi ya glukuroni na kingine cha kuziunganisha hizo mbili kwa kupokezana, ilhali aina nyingi nyingine huhitaji vingi zaidi; ndiyo maana maganda hutofautiana sana, na chanjo moja haiwezi kukinga dhidi ya aina zote. Chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2011 ilibeba sukari za aina 10, zikiwa zimefungwa kwenye protini, kwa sababu kinga ya mtoto mchanga haiitikii vyema sukari peke yake.