Vidonda vya kinywani: Jinsi ya kumpunguzia mtoto maumivu

MTOTO aliyekula vizuri jana, leo anausukuma uji kando, anadondokwa na mate na kulia kila anapomeza. Ukimchungulia kinywani, unaona vidonda vidogo kwenye ulimi, ufizi au ndani ya mashavu.

Aghalabu vidonda hivyo husababishwa na virusi, navyo hupona vyenyewe kwa muda wa siku 7 hadi 14. Antibayotiki haziui virusi. Hatari kubwa zaidi ni mtoto kukataa kunywa kwa kuogopa maumivu, kwani mwili wake hupungukiwa na maji upesi. Kumtuliza maumivu, basi, ni kumwezesha kunywa.

Parasetamoli ya maji husaidia. Kipimo hufuata uzani: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mpe nusu saa kabla ya chakula. Mtoto wa chini ya miezi mitatu asipewe kabla ya kuonwa na daktari.

Mpe vinywaji baridi kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, kwa sababu chuchu ya chupa huweza kuvitonesha vidonda. Maziwa, mtindi, uji uliopoa na ndizi iliyopondwa humezeka kwa urahisi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Epuka machungwa, ndimu, pilipili na vyakula vya moto au vikavu.

Usivisugue vidonda kwa kitambaa wala kuvipaka chumvi. Usimpe mtoto aspirini, kwani huweza kudhuru ini na ubongo. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Jeli za kutia ganzi zenye benzokeini pia ni hatari. Mwaka 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa huweza kuizuia damu kusafirisha oksijeni.

Mpeleke hospitalini bila kukawia iwapo hajakojoa kwa saa 8, analia bila machozi, utosi umebonyea au amelegea. Fanya vivyo hivyo homa ikizidi siku tatu, au ikiandamana na vipele mwilini, kwani huenda ni ukambi. Utando mweupe usiofutika huashiria ukungu, ambao una dawa yake.