Kompyuta Hubaini Nyufa za Kinga ya Moto kwenye Chuma

Tabaka jembamba linaweza kuokoa chuma, na Kigoma inao ushahidi. Mitambo ya meli ya Graf von Goetzen ilipakwa grisi kabla ya Wajerumani kuizamisha Julai 1916; meli ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo ilifaa, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Grisi ilizuia maji. Dhidi ya moto, nguzo na boriti za majengo hupakwa rangi inayovimba kwa joto na kuwa povu gumu. Chuma huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,500 za Selsiasi, lakini kikifika 600 tu hupoteza takribani nusu ya nguvu zake. Tatizo ni nyufa: boriti ya mita 10 ikiongezeka joto kwa nyuzi 500 hurefuka zaidi ya sentimita 6, na povu lisilonyumbulika hupasuka. Moto hupenya hapo, na muda wa kuwaokoa watu hupungua.

Programu ya kompyuta huigawa boriti na kinga yake katika maelfu ya vipande, ikakokotoa joto na mkazo wa kila kimoja. Hivyo mhandisi huona mapema ufa utakapoanzia, mara nyingi kwenye kona au kiungio, ingawa hesabu hizo bado hulinganishwa na boriti halisi iliyochomwa tanuruni.