Kushona upya viti vya gari la zamani: Chumvi ndiyo adui

Mwenye gari la zamani Somanga, wilayani Kilwa, anaweza kushona upya viti vyake nyumbani. Kava kuukuu hufumuliwa taratibu pasipo kuchanwa, kwani vipande vyake ndivyo vipimo vya kukatia reksini mpya.

Viti vya Volkswagen Beetle za zamani vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi, bidhaa isiyo ngeni Pwani. Makumbi hufukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha hupondwa kupata usumba wa kusokotea kamba. Hapo ndipo penye hatari. Usumba uliolowekwa maji ya bahari hubaki na chumvi, nayo huvuta unyevu na kuzilisha kutu springi za kiti hadi zikatike. Sharti uoshwe mara kadhaa kwa maji baridi na kuanikwa ukauke kabisa.

Springi nazo husuguliwa kwa msasa, zikapakwa rangi ya kuzuia kutu na kufunikwa gunia zito, ili waya usile usumba.

Cherehani ya nyumbani mara nyingi hushindwa na mikunjo minene ya reksini. Mishono hiyo ni heri apewe fundi viatu. Kava iliyokamilika huanikwa juani kwanza, ilainike, ndipo ivutwe na kufungwa kwenye fremu.