Kwa Miguu Kutoka Kaole Hadi Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Jumapili moja baada ya masika, sisi wanachama wa hekalu pamoja na majirani zetu tulishuka Kaole alfajiri, tukaazimia kwenda kwa miguu hadi Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mwendo wa kilometa 5 hivi. Wazee wetu waliifikia pwani hii kwa majahazi kutoka Kutch na Kathiawar. Tulitaka vijana wetu waione kwa nyayo, si kupitia dirisha la gari.

Kaole ni kongwe kuliko habari zetu zote. Msikiti wake wa kale ni wa karne ya 13, na kandoni mwake yamesimama makaburi yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Tulinyamaza hapo kitambo, kisha tukashika njia ya minazini. Jua lilikuwa kali, na baadhi yetu wenye vitambi tulijuta.

Caravan Serai, mahali walipofikia wapagazi kutoka bara, ndipo tulipokaa zaidi. Kijana wetu mmoja alisema kwa fahari kwamba biashara ya hapa ilikuwa yetu. Jirani yetu, mzee wa asili ya Unyamwezi, akauliza kwa upole: "Mwanangu, na pembe za ndovu zilibebwa na nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, na kwamba wafanyabiashara wa Kihindi waliikopesha misafara nguo na shanga. Lakini njia hizo hizo walipitishwa watumwa, hata Sultani Barghash alipopiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873. Tukiyasifu maghala, hatuna budi kuitaja na njia iliyoyajaza.

Sewa Haji Paroo, Mwismaili, si wa dini yetu bali ni wa asili yetu. Alitoa nyumba mjini hapa iwe shule ya watoto wa rangi zote, na fedha zake zikajenga hospitali Dar es Salaam. Tunamheshimu sana. Hata hivyo, mali yake ilitokana na kuandaa misafara na kukusanya wapagazi.

Tulimalizia Misheni, ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi tisa hivi. Majina ya hao wawili wengi wetu tuliyajua. Ya wenzao, hakuna aliyeweza kuyataja.

Chini ya mwembe tulikula thepla na kunywa chai. Mzee akawataja babu zake watatu waliobeba mizigo hadi Bagamoyo. Yule kijana aliyejivuna akaomba kalamu, akayaandika majina yao.